Nani Kafungua Friji?

4 Machi

Kaka,

Shikamoo. Na shikamoo hii ni ya umri tu, usije ukadhani nakuheshimu.

Bia yako imenimwagikia. Jana nilikwenda stoo kumchotea glasi moja mteja wangu, yule mama mwenye duka la viatu, maana ulinisihi niwaonjeshe watu wenye midomo mizuri wakusifie. Nikafungua koki. Ikakohoa, ikatema, kisha likatoka povu tupu, povu la kufulia nguo. Likajaa glasi, likajaa ndoo, likanirukia mimi, likamrukia na binti yake aliyesimama nyuma yangu. Binti alikuwa amevaa gauni lake la harusi la kujaribu, bado lina pini. Unajua bia ikikauka kwenye satini inakuwaje? Bora usijue. Nimelifua mpaka vidole vimekunjamana na bado linanuka baa.

Mimi sinywi. Mimi ni fundi cherehani. Stoo ile ilikuwa ya vitambaa vyangu mpaka ulipokuja na ujuzi wako wa kupika bia nyumbani. Sasa umekwenda zako kambini kulaza mabomba, huko ambako simu ni ya kuangalia saa tu, umeniachia pipa la chuma, mtungi wa gesi, mipira, koki, na friji lenye tundu mlangoni.

Na umeniachia Baba. Hajataja jina lako tangu siku mliyogombana. Msimamo wake ni uleule: aliyetoboa friji la marehemu mke wake asikanyage ndani ya nyumba hii. Nikimwambia nakuandikia wewe, ananiuliza, "Nani huyo?"

Nipe maelekezo, la sivyo nalizima. Nachomoa waya, namwita mtu wa vyuma chakavu, habari imekwisha. Jibu umpe Dereva wa kambi yenu akishuka na lori.

Dada yako mdogo, asiye na hamu nawe


9 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, pamoja na matusi yake.

Chomoa huo waya uone. Thubutu. Nimeiacha bia ile ikiwa safi, imeiva, inang'aa, unaweza kusomea gazeti upande wa pili wa glasi. Mmeifanya nini?

Sikiliza, maana nitasema mara moja. Pipa lile lina jina. Anaitwa Mzee. Nilimwita Mzee kwa sababu amebonyea mgongoni, na kwa sababu ukimwomba kitu hukohoa kwanza ndipo atoe. Sasa Mzee ana masharti yake. Presha ikizidi, atatoa povu. Akipata joto, atatoa povu. Mpira unaoleta bia kwenye koki ukiwa mchafu, atatoa povu. Na ukifungua koki nusunusu kwa woga, kama ninavyojua unafungua wewe, atatoa povu tena atakurushia usoni. Koki inafunguliwa yote kwa mara moja, glasi umeilaza.

Geji ya kwenye mtungi isome namba kumi. Kumi! Si kila anayepita azungushe tu kana kwamba ni redio. Mpira uvue, uusafishe kwa maji ya moto na ile dawa ya kopo jeupe, usuuze mpaka usiache harufu. Kisha chovya sponji kwenye maji ya sabuni, paka kwenye maungio yote. Ukiona viputo vinakua, hapo gesi inavuja, kaza. Ringi za akiba ziko kwenye kopo la kahawa.

Kuhusu huyo mwenye nyumba wako. Friji lile alilichomoa yeye mwenyewe baada ya mazishi, akaligeuza uso ukutani kama mtoto aliyepewa adhabu, likakaa hivyo mwaka mzima likiota ukungu. Nani alilisafisha? Mimi. Nani aliliwasha? Mimi. Nikatoboa tundu moja la koki, upana wa kidole gumba, nikawa mhalifu. Mwambie Nani Huyo anamsalimia.

Kaka yako


14 Machi

Kaka,

Shikamoo ya umri.

Kila ulichosema kimefanyika. Mpira umeoshwa. Sabuni imepakwa kila mahali, hakuna kiputo hata kimoja. Geji iko kumi, imewekewa alama ya chaki ili mtu asisingiziwe. Koki inafunguliwa yote. Na bado! Asubuhi Mzee wako ni mpole, anatoa bia safi yenye kofia nyembamba juu, mpaka unamhurumia uliyemtukana. Ikifika jioni ni povu, povu, povu. Naweka ndoo. Sakafu ya stoo inanata, kandambili yangu imebaki pale nami nikaendelea na safari.

Halafu kuna maswali. Mpira hauwezi kurefushwa kidogo, ili bia ipunguze mbio kabla haijafika kwenye koki? Kwa nini gesi inaingilia juu na bia inatokea chini? Na kimea ulichotumia ni cha kawaida au ulikikaanga?

Usiniulize nani anauliza. Kuna mtu anauliza.

Baba hajambo. Anaingia, anatoka.

Dada yako mdogo


19 Machi

Mdogo wangu,

Nimesoma barua yako nikiwa ndani ya mtaro, nikacheka, kisha nikapandwa na hasira mpaka mwenzangu akaninyang'anya spana.

Unamficha mtu. Na mtu mwenyewe ndiye ugonjwa. Hebu fikiri: asubuhi safi, jioni povu. Mpira hauwi mchafu kati ya asubuhi na jioni. Geji haijasogea, chaki ipo. Kinachobadilika ni baridi. Kuna mtu anafungua mlango wa friji mchana kutwa, tena si kufungua na kufunga, anafungua na kusimama! Bia inapata joto, gesi inakataa kukaa ndani yake, Mzee anatapika. Haihitaji mganga.

Sasa namwandikia yeye. Mpe asome.

WEWE! Friji si dirisha! Unasimama hapo unatazama nini? Umepoteza nini humo ndani? Chukua unachochukua, funga! Baridi yote inatoka, mashine inahema kama imepanda mlima, halafu kesho nyinyi nyinyi ndio wa kulalamika. Mmelelewa na nani nyie? Nikikukuta tena umeshika huo mlango naukata mkono. Funga friji!

Nimemaliza naye. Kuhusu maswali yake: ndiyo, mpira ukirefushwa bia hutulia njiani, si mjinga kabisa huyo. Gesi inaingilia juu kwa sababu kazi yake ni kusukuma. Kimea nilikikaanga kidogo, mwenyewe, kwenye sufuria la Mama. Baba akijua na hilo ataniita mahakamani.

Lakini kwanza afunge friji.

Kaka yako


25 Machi

Kaka wa jirani yangu,

Salaam nyingi. Ni mimi jirani wa ukuta mmoja, ambaye wewe huniita Redio ukidhani sijui. Naandika nimesimama maana Dereva anapiga honi, na mdogo wako hana nafasi ya kushika kalamu.

Mzee hali yake si nzuri. Jana presha ilipanda ghafla, hakuna aliyetegemea. Alitoa povu! Povu ambalo mtaa mzima tulilisikia. Mara kimya. Tukakimbilia stoo, tukamkuta yuko chini, kalala ubavu mbele ya friji. Tulimnyanyua watu wanne, si unajua uzito wake. Sasa amelazwa, ila presha inagoma kushuka, na tumeambiwa asitikisweti­kiswe.

Mdogo wako anauliza: unakuja? Kama huji, unasema afanyeje?

Mimi jirani


28 Machi

Mdogo wangu,

Umeona aibu kuandika mwenyewe, ukamtuma Redio, ili na waliokuwa hawajui wajue. Ahsante sana.

Nije? Niache kazi nije kwa ajili ya Mzee? Una akili wewe? Tuko katikati ya kuunga bomba la maji, watu wanangoja maji, nimwambie msimamizi naomba ruhusa, Mzee kaanguka? Atanicheka mpaka jioni.

Na nani kawaambia alazwe? Mzee halazwi! Msimamisheni wima haraka, mmwegemeze ukutani. Kwanza mkateni gesi. Kisha shikeni ile pete iliyo juu kichwani, mvute polepole, hewa itatoka kwa kelele, msikimbie. Mwacheni apumue mpaka anyamaze mwenyewe. Mzungushieni taulo la maji baridi. Hilo la kutomtikisa ni kweli. Na mtu mwenye hasira asimsogelee, maana Mzee akishikwa kwa hasira hulipuka. Presha ikishuka, mrudishieni gesi kidogo kidogo.

Asipotulia, msipoteze muda naye. Amekula chumvi nyingi. Mtoeni nje, mmwageni kilichomo, msuuzeni, mwanikeni juani mdomo chini. Nikirudi nitatafuta mwingine, tena mpya asiyekohoa, wamejaa tele.

Nina hakika aliyesababisha haya ni huyo mtu wenu wa mlango. Mwambieni nimesema hivyo.

Kaka yako


2 Aprili

Wewe,

Shikamoo sikupi.

Mzee si pipa. Mzee ni Baba.

Baba yetu, aliyekuzaa. Redio anamwita Mzee kama mtaa mzima unavyomwita, hakuna mwingine duniani ila wewe anayelibandika pipa jina la heshima na kulitaja kama mtu. Baba ndiye aliyepanda presha. Baba ndiye aliyeanguka. Amelazwa hospitali, wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani, na wewe unaniambia nimwanike juani mdomo chini.

Na hujasikia yote. Barua yako ilipokelewa na Redio, mimi nilikuwa nimekwenda kufuata dawa. Akaifungua, akadhani ni maneno ya kumfariji mgonjwa, akamsomea pale kitandani kwa sauti yake ile. Wodi nzima ilisikia. Nimerudi nakuta amefika kwenye "mmwageni kilichomo, msuuzeni," muuguzi kasimama na trei yake mdomo wazi. Baba akageukia ukutani. Mabega yalikuwa yanatikisika. Mimi sijawahi kumwona Baba akilia, hata kwenye mazishi ya Mama hakulia. Umemliza wewe, tena ukiwa hata hupo.

Sasa niseme na nililoahidi kutosema. Yule "mtu" ni yeye. Alianza kwa kupita mlangoni pa stoo akijifanya anatafuta nyundo. Halafu akawa ananiuliza, barua imesemaje? Maswali yote ya mpira na kimea ni yake. Mpira aliuosha yeye. Sabuni alipaka yeye, amepiga magoti, kavaa miwani juu ya miwani. Chaki ni yake. Na anayefungua friji ni yeye. Anafungua, anasimama. Nikimuuliza anatafuta nini, anasema hakuna.

Ile barua yako ya "Friji si dirisha" nilimpa, si ulisema nimpe? Akaisoma palepale stoo, akaikunja, akaitia mfuko wa shati. Hajanirudishia. Nikadhani ataacha. Wapi! Ndiyo kwanza akazidi. Nikachoka, Kaka. Nikamwita mtu wa vyuma chakavu. Baba akaingia akamkuta ameshika waya wa friji, na hapo ndipo povu lilipomtoka. "Toa mkono wako! Hilo ni friji la mke wangu, na hilo ni pipa la mwanangu!"

Mwanangu. Nimesikia kwa masikio yangu haya. Kisha akaanguka.

Kwa hiyo kaa huko na bomba lako.

Mimi


6 Aprili

Mdogo wangu,

Sikujua.

Nimeandika na kuchana, kila mara linabaki neno hilohilo. Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi, na sijui nimkasirikie nani. Redio? Wewe uliyenificha? Yeye, aliyekuwa ananiuliza mambo ya kimea kupitia kwako wakati mdomo anao? Nikizunguka kote narudi kwangu. "Wamejaa tele." Nimeandika hivyo kwa mkono wangu.

Nimekwenda kwa msimamizi kuomba ruhusa. Akaniuliza mgonjwa ni nani, nikasema Mzee wangu. Akasema, "Si ndilo lile pipa lako?" Kambi nzima inamjua Mzee pipa. Nimemweleza, hataki kuelewa, anataka barua ya maana kutoka nyumbani. Niandikie. Niandikie leo hii, nakuomba.

Na umuulize Baba kama naweza kukanyaga. Akikataa, nitasimama nje ya hilo dirisha la wodi, anitazame akipenda, asipopenda afunge pazia.

Kaka yako


11 Aprili

Nyumbani

Kwa: Fundi Bomba, Kambini

YAH: KUITWA PIPA, PAMOJA NA MAMBO MENGINE

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nilikuwa karani wa mahakama mpaka nikastaafu. Nimenakili matusi ya ndugu kwa ndugu, ya mume kwa mke, ya mpangaji kwa mwenye nyumba. Sijawahi kunakili shauri ambalo mtoto ameagiza baba yake avutwe pete ya kichwani, asuuzwe na kuanikwa. Napenda kukujulisha kwamba nimeruhusiwa kutoka hospitali. Niko wima, na sijaegemezwa ukutani.

Mdogo wako ameniambia kwamba alikuandikia kuwa nililia. Taarifa hiyo si sahihi. Nilikuwa nacheka. Niligeukia ukutani kwa sababu muuguzi alikuwa amekataza nisichekeshwe, na mbavu nilizoangukia zilikuwa zinauma kwa kila kicheko. Halafu daktari akaja, akasema nipumzike, nisitikiswe, na mtu mwenye hasira asinisogelee. Redio akamwambia, "Hayo yote kijana wake ameshayaandika." Wodi nzima ikaangua kicheko, na presha ikapanda tena.

Sasa tuingie kwenye shauri lenyewe.

Kuhusu tundu. Bado nina hasira nalo. Mlango ule mama yako aliufuta kila jioni kwa kitambaa chake cha bluu, hakuna aliyeruhusiwa kubandika hata kalenda. Wewe ukaja na drili. Ungeniuliza. Ningekataa, lakini ungeniuliza! Sitaki ulizibe, maana ukiziba utaharibu zaidi. Nataka ujue tu kwamba bado nina hasira.

Kuhusu mlango. Ni mimi. Povu lote lile ni mimi. Ulipoligeuza friji na kuliwasha, likaanza kuunguruma, nikalisikia kutoka chumbani kwangu. Nikaenda nikafungua. Wewe unamkumbuka mama yako na friji. Hakuna aliyewahi kulifungua nyumba hii ikabaki kimya. Awe uani, awe bafuni, alisikia mlango ukiachia, na hapohapo inakuja sauti: friji si dirisha, umepoteza nini humo ndani, mmelelewa na nani nyie. Mmelelewa na nani! Na mlezi ni yeye. Mimi mume wake nilijumuishwa humohumo. Maisha yangu yote ya ndoa niligombezwa mbele ya mlango ule, na nikakasirika kila mara, na kila mara nikafunga.

Kwa hiyo nafungua. Nasimama. Nasubiri. Hakuna anayenigombeza.

Kisha mdogo wako akaniletea barua yako, akasema niisome. Niliisoma nikiwa nimeshika mlango. Sijui kama ulijua unachoandika. Yamo yote, kwa mpangilio wake, hata lile la kukatwa mkono. Nilifunga friji, mwanangu. Nilifunga upesi kama zamani. Halafu nikafungua tena ili nisome tena, na kesho yake tena, na ndiyo sababu bia yako ikazidi kuharibika. Sina utetezi.

Huu ni wito. Mwonyeshe msimamizi wako. Nimeugonga muhuri wangu wa zamani, wino umefifia lakini unasomeka. Unatakiwa kufika nyumbani kwa lori linaloshuka, bila kukosa. Bia nimekatazwa, kwa hiyo utakunywa wewe na mimi nitakutazama kwa hasira zangu.

Mpira nimeurefusha. Geji iko kumi. Maungio hayavuji. Ila sasa hivi naandikia stoo, nimeketi kwenye kreti, na friji nimelifungua. Mdogo wako anapiga kelele kule mbele nifunge, lakini yeye hajui kugombeza, anabembeleza tu. Silifungi.

Njoo unigombeze.

Mzee (si pipa)
Baba yako